Hali ya Wazee Dodoma na Kanda ya Kati: Tofauti za Kipato, Afya na Mali

Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Umri huo unalingana na ule wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, ingawa mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55. Sensa ya mwaka 2012 ilionesha kuwa wazee walikuwa asilimia 5.6 ya Watanzania wote.

Mkoani Dodoma tofauti baina ya wazee inaonekana wazi kuliko katika mikoa mingi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia rasmi mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa kuwa Jiji tarehe 26 Aprili, 2018, mji umekuwa makao ya watumishi ambao michango yao ya kila mwezi hupelekwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Mtumishi huyo akistaafu hulipwa mafao ya mkupuo na pensheni ya kila mwezi. Mkulima wa mtama na uwele wa Bahi au Chamwino, aliyefanya kazi miaka ileile au zaidi, hana mwajiri wa kumchangia. Akiba yake ni ng'ombe, mbuzi, shamba na watoto. Mvua za kanda hii ni za msimu mmoja, na mwaka zinapokatika mapema mifugo huuzwa kwa bei ya kutupa. Hapo akiba ya uzeeni hutoweka kabla uzee wenyewe haujafika.

Chamwino ina nafasi ya pekee katika historia ya suala hili. Wilaya hiyo, pamoja na Bagamoyo na Kibaha mkoani Pwani, ilichaguliwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa majaribio ya uhawilishaji fedha kwa kaya maskini, na malipo yalianza mwaka 2010. Katika majaribio hayo mzee alihesabiwa kwa nafsi yake: kaya ililipwa kiasi kinacholingana na dola 6 za Marekani kwa mwezi kwa kila mzee, na dola 3 kwa kila mtoto. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, na sharti la mzee lilikuwa kufika kituo cha afya walau mara moja kwa mwaka. Tathmini ilibaini kuwa kaya zilizonufaika zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii na kuongeza mifugo midogo, hasa kuku. Fedha iliyodhaniwa ni ya kula, kwa sehemu, iligeuka kuwa bima na mtaji.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulipopanuliwa nchini kote, awamu ya kwanza iliweka ruzuku ya msingi ya kaya na nyongeza zilizowahusu watoto. Ajira za muda nazo huhitaji nguvukazi. Kikongwe anayeishi peke yake hana mtoto wa kumwongezea ruzuku wala nguvu za kuchimba lambo. Zanzibar ilichukua njia nyingine: tangu Aprili 2016 hulipa Pensheni Jamii kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, awali shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa.

Kwa upande wa afya, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na halmashauri huwatambua na kuwapatia vitambulisho. Hata hivyo, msamaha wa ada haulipi nauli, na dawa ikikosekana zahanati mzee hulazimika kuinunua. Wilaya ya Kongwa inafahamika kimataifa kwa tafiti za trakoma, yaani vikope, zilizofanyika huko tangu miaka ya 1980. Maambukizi huanza utotoni, na yakijirudia kwa miaka mingi kope hupinda na kukwaruza jicho, hivyo upofu huja ukubwani. Wanawake huathirika zaidi kwa kuwa ndio wanaolea watoto wenye maambukizi. Bibi anayepoteza nuru namna hiyo analipia kazi ya malezi ambayo hakuna mfuko uliowahi kuiandika.

Mjane yuko katika hali ngumu zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini kanuni za mila za urithi zilizotangazwa mwaka 1963 zinamtazama mjane kama mtu wa kutunzwa na warithi. Shamba likishagawanywa kwa ndugu wa marehemu, kwenda Baraza la Kata kudai ni safari ndefu kwa mwenye miaka 70. Mwenye hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina ya wanandoa wote wawili huanza dai lake akiwa na ushahidi mkononi, na maombi ya hati hiyo hupokelewa na Halmashauri ya Kijiji.