Makasia Bila Usukani: Timu za Wanawake katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Tarehe 3 Machi 1976, wanawake 19 wa timu ya makasia ya Chuo Kikuu cha Yale waliingia katika ofisi ya msimamizi wa michezo, wakavua nguo. Vifuani na migongoni walikuwa wameandika kwa wino wa buluu: Title IX. Nahodha wao, Chris Ernst, akasoma tamko. Walichodai kilikuwa kidogo kiasi cha kutia uchungu: bafu. Kila walipomaliza mazoezi katika mto Housatonic, wanaume waliingia katika nyumba ya mashua kuoga maji ya moto, nao wanawake walikaa ndani ya basi, wamelowa na kutetemeka kwa baridi, wakisubiri wenzao watoke ndipo safari ya kurudi New Haven ianze.

Title IX, sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, ilikuwa imetiwa saini Juni 1972. Miaka karibu minne sheria ilikuwapo; bafu halikuwapo. Makala haya yanatoa hoja kwamba sheria hiyo iliwapa wanawake makasia bila kuwapa usukani, na kwamba haki ya kucheza isiyoambatana na mamlaka ya kuamua haina ulinzi wa kutosha.

Mafanikio yenyewe hayana ubishi. Sally Kipyego alitoka Kenya akasoma uuguzi Texas Tech kwa kipaji cha mbio, akatwaa mataji tisa ya vyuo, kisha medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London 2012. Kabla ya 1972, ufadhili wa masomo kwa mwanamichezo wa kike ulikuwa nadra mno. Mlango huo ulifunguliwa na sheria, na wasichana wa kwetu nao wakaupitia.

Lakini tuangalie uongozi. Mashindano ya wanawake yaliendeshwa na chama chao wenyewe, AIAW, kilichoundwa 1971. NCAA, chama kilichotawaliwa na wanaume, kilikwenda mahakamani mwaka 1976 kutaka Title IX isiguse michezo. Kiliposhindwa kuizuia, kikaanzisha mashindano yake ya wanawake, na kwa nguvu ya fedha na televisheni AIAW ikafa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Idara za michezo ziliunganishwa, na mara nyingi mkuu wa idara ya wanaume ndiye aliyebaki kuwa mkuu wa wote. Mwaka 1972, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake zilifundishwa na wanawake. Leo hazifiki nusu. Mishahara ya makocha ilipopanda, kazi hiyo ikawa na wenyewe wapya.

Wapo wanaosema tofauti hizi zinatokana na wanawake kutopenda sana michezo. Chuo Kikuu cha Brown kilijitetea hivyo mahakamani baada ya kuziondolea fedha timu za wanawake za jimnastiki na voliboli mwaka 1991, pamoja na timu mbili za wanaume. Wakati huo wanawake walikuwa takribani asilimia 48 ya wanafunzi lakini asilimia 37 tu ya wanamichezo. Mahakama ya rufaa ilikataa utetezi huo: hamu ya mchezo hukua pale nafasi ya kuucheza inapokuwapo. Jibu hilo ni zito, na linafaa pia kwa uongozi. Atatamani vipi ukocha msichana ambaye katika miaka yake yote ya kucheza hajafundishwa na mwanamke?

Kwa hiyo usawa usipimwe kwa idadi ya wachezaji peke yake. Tuulize nani anapanga bajeti, nani anaajiri kocha, nani anaamua timu ipi ivunjwe fedha zinapopungua. Yale hatimaye iliwajengea wanawake sehemu yao ya kuogea. Ililazimu wanawake 19 wavue nguo mbele ya mwandishi na mpiga picha, kwa sababu katika meza iliyoamua nyumba ile ya mashua ijengweje, hakuwapo aliyewahi kusubiri ndani ya lile basi.