Dungu la Bibi

Katika familia yetu umri wa bibi hauhesabiwi kwa miaka, unahesabiwa kwa mafuriko. Hana cheti cha kuzaliwa. Anachojua ni kwamba mafuriko ya 1968 yalimkuta ana mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni, na kwamba wa tumboni alipozaliwa walikuwa wameshahamishwa. Huyo wa tumboni ni mama yangu. "Mama yako ni wa mlimani," bibi hupenda kuniambia, "mimi ni wa bondeni." Mlimani penyewe si mlima. Ni ardhi iliyoinuka kidogo kaskazini ya Mto Rufiji, ambako maji hayafiki.

Nilisikia maneno hayo utoto wangu wote bila kuyatilia maanani. Yalinirudia mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, kwenye semina ya historia ya maafa, siku ambayo neno "ustahimilivu" lilitajwa mara nyingi hadi likaanza kunipotea. Tulikuwa tunasoma miongozo inayosema kwamba jamii za vijijini zinapaswa kujengewa ustahimilivu. Kitenzi hicho ndicho kilichonikwaza. Mtu hujengewa kitu asichokuwa nacho. Nikaamua tasnifu yangu iwe kuhusu bonde alikozaliwa bibi, nijue palikuwa na nini kabla wajenzi hawajafika.

Kwanza, mto wenyewe. Rufiji hukusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero na Luwegu huungana, Ruaha Mkuu huingia, kisha maji yote hupita kwenye korongo la Stiegler na kutawanyika katika tambarare, hadi kwenye delta yenye mikoko na Bahari ya Hindi. Maana yake ni kwamba mafuriko ya Rufiji hunyesha kwa watu wengine. Mvua iliyonyesha nyanda za juu, siku kadhaa kabla, ndiyo inayomfikia mkulima wa huku chini, pengine anga ya kwake ikiwa nyeupe kabisa. Kwa hiyo watu wa bondeni hawakutazama mawingu tu. Bibi anasema walitazama rangi ya maji, kasi yake, na takataka zinazoelea.

Walihitaji kuyasoma maji vizuri kwa sababu kilimo chao kilikwenda sambamba nayo. Mpunga ulipandwa kwa mvua za mwanzo, kuanzia Desemba hivi, ili uwe umesimama imara kabla mto haujafurika, mara nyingi Machi na Aprili. Mafuriko ya wastani yaliukuza mpunga. Maji yalipopungua, yaliacha tope lenye rutuba na unyevu, na hapo watu walipanda tena: mahindi, kunde, maboga, hata pamba. Kilimo hicho cha pili, kisichongoja mvua, kinaitwa mlau. Mwaka 1938 mtu anayeitwa H. Marsland alikiandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na kuisoma leo ni kukutana na jambo ambalo miongozo yetu haina: watu ambao kwao mafuriko ni sehemu ya kalenda ya shamba.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Maji yakija kwa kiasi, kuna mpunga. Yakija mengi mno na kuzamisha mpunga, eneo la mlau huwa kubwa zaidi, na maziwa ya kando ya mto, kama Zumbe na Ruwe, hujazwa upya na kuwa na samaki. Yasipokuja kabisa, hapo ndipo penye wasiwasi. Nilipomwuliza bibi mwaka gani ulikuwa mbaya kuliko yote utotoni kwake, nilitarajia anitajie mafuriko. Alinitajia mwaka ambao mto haukupanda.

Halafu kulikuwa na dungu. Ukitafuta neno hili kwenye kamusi utaambiwa ni kichanja cha kulindia shamba dhidi ya ndege na wanyama. Madungu ya Rufiji yalikuwa zaidi ya hapo: nyumba zilizosimama juu ya nguzo ndefu, zenye sakafu ya fito na ngazi ya kupandia. Bibi anakumbuka jiko la mafiga likiwa juu ya udongo uliosiliwa sakafuni, kuku wamepandishwa, na mtumbwi umefungwa kwenye nguzo chini. Maji yakipanda, watu walibaki juu, wakiitana kutoka dungu hadi dungu kuulizana nani ana chumvi na nani ana mgonjwa.

Sitaki kulipamba bonde hilo. Maji yaliua. Mdogo wake bibi, mvulana wa miaka kama mitano, alitumbukia usiku na hakuonekana tena. Bibi hulisema hilo haraka, kama anayepita mahali penye nyoka, kisha huendelea na habari nyingine. Mimi nilijifunza kutomrudisha.

Kwa hiyo naelewa kwa nini serikali ya 1968 ilipotazama tambarare iliyojaa maji, na watu wamekaa juu ya nguzo wakingojea chakula cha msaada, iliona maafa. Na majira yenyewe yalichangia. Azimio la Arusha lilikuwa limepitishwa Februari 1967, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake kuhusu ujamaa vijijini. Nchi changa ilitaka watu wakae pamoja, pale shule, zahanati na maji ya bomba yanapoweza kuwafikia. Mafuriko yalitoa sababu na haraka. Ndipo ikaja Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969: watu wa bondeni walihamishiwa kwenye vijiji vipya katika ardhi iliyoinuka. Ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo za aina hiyo, miaka kadhaa kabla ya Novemba 1973, Mwalimu alipotangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa nchi nzima.

Watu walihama, lakini mashamba hayakuhama. Rutuba ilibaki bondeni, na udongo wa juu ulikuwa wa kichanga na uliitegemea mvua peke yake. Mkulima aliyekuwa akiamka ndani ya shamba lake sasa alitembea masaa kulifikia, wengine kwa kuvuka mto. Usiku mpunga ulibaki bila mlinzi, na nguruwe pori wakajua. Waliozijua dalili za maji hawakuwa tena mahali pa kuziona kila asubuhi. Operesheni iliwatoa watu kwenye hatari moja, na wakati huohuo ikaivuruga ile hesabu iliyokuwa ikiwavusha kwenye njaa.

Wengi walirudi kidogokidogo, kwa msimu, kulima na kulinda. Dungu likabaki, lakini sasa mara nyingi mtu alilala shambani mbali na kijiji. Hatari yake ilionekana kati ya 2002 na 2004, simba walipoua watu zaidi ya 30 wilayani Rufiji. Watafiti waliochunguza mashambulizi ya simba kusini mwa nchi waliyahusisha na nguruwe pori: mkulima hulala shambani kuwafukuza nguruwe, na simba huwafuata nguruwe hao hadi kwa mkulima. Nadhani tunakosea tunapolisifu dungu kama teknolojia ya jadi. Nguzo na fito zilikuwa nusu ya kinga. Nusu nyingine ilikuwa jirani anayesikia ukiita.

Hadi hapa ningeweza kuandika insha rahisi, ya serikali iliyokosea na wenyeji waliojua. Lakini mimi ni mtoto wa mlimani. Kampeni ya elimu ya msingi kwa wote ilipofikia kilele mwaka 1977, mama yangu alikuwa anakaribia miaka tisa, na shule ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Bibi hajui kusoma. Mama akawa mwalimu. Mimi nasomea kulaumu uamuzi uliofanya nisome. Nilipomwambia mama hivyo, alicheka, kisha akasema, "Ukimuuliza bibi yako kama angependa turudi kule, hatakujibu. Lakini muulize kama aliwahi kuulizwa."

Nikamuuliza. "Walikuja na lori," alisema. "Lori haliulizi."

Leo swali hilo limehama kutoka kwenye lori na kupanda juu ya mto. Wazo la kujenga bwawa korongoni ni la zamani. Lilichunguzwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1950, likaundiwa mamlaka ya bonde, RUBADA, mwaka 1975, na hatimaye likatimia: Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, kwa lengo la kuzalisha megawati 2,115. Aprili 2024, baada ya mvua kubwa, mafuriko yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mjadala ulikuwa mkali. Wapo wananchi waliolilaumu bwawa, na upande wa serikali ulieleza kwamba mvua zilizidi na kwamba bwawa lilipunguza makali. Mimi si mhandisi, na mabishano hayo siyaamui. Ninachokiona kama mwanahistoria ni kwamba dalili zimebadilika mahali. Maarifa ya bibi ya rangi ya maji yalitegemea mto usio na mlango. Mto wenye mlango unasomwa kwenye chumba cha mitambo, na anayeujua kwanza ni mwenye kuufungua.

Kwa sababu hiyo siridhiki tunaposema ustahimilivu uanzie kijijini, kisha tukaishia hapo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kuwe na kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, na hilo ni jema. Lakini kamati ya kijiji cha Rufiji inaweza kuwa na mitumbwi, orodha ya wazee na wajawazito, na ghala la mbegu za mlau, na bado ikashindwa, kama habari ya maji haikufika siku tatu kabla ya maji. Watu wa bondeni walijipanga vizuri kwa sababu walijua kinachokuja. Ukiwaondolea kujua, ukawaachia kujipanga, utakuwa umewaachia mzigo peke yake.

Likizo iliyopita nilimsomea bibi sura ya pili ya tasnifu yangu. Alisikiliza kwa utulivu, mkono shavuni, hadi nilipofika mahali nilipoandika kwamba madungu yalikuwa "makazi ya dharura wakati wa mafuriko". Akaniinulia mkono.

"Dharura gani?"

Nikamweleza maana ya neno.

"Futa hilo, mjukuu wangu," alisema. "Ile ilikuwa nyumba."