Msemaji wa Mwisho katika King Lear

Msomaji afunguaye King Lear ya Shakespeare katika toleo lenye tanbihi aghalabu hudhani kuwa maelezo ya chini ya ukurasa yapo kufafanua msamiati mkongwe tu. Afikapo mwisho huzinduka. Mfalme amekufa, bintiye Cordelia amekufa, na maneno ya kufunga yanasemwa na Edgar. Tanbihi yamwarifu kuwa katika chapa ya 1608 msemaji ni Albany. Edgar alipewa maneno hayo katika mkusanyo wa 1623. Si jambo dogo, kwani katika tanzia za zama zile aliyefunga mchezo kwa kawaida ndiye aliyebaki na mamlaka.

Chapa ya 1608 ina mistari yapata 300 isiyokuwemo katika ya 1623, nayo hii ina yapata 100 ya kwake. Wahariri wengi walizichanganya, hadi toleo la Oxford la 1986 lilipozichapa mbalimbali.

Sisi tujuao kuwa nakala za Al-Inkishafi hazilingani kwa beti hatuna haja ya kustaajabu. Nifundishapo tamthilia hii, huwauliza wanafunzi kwanza: ni nani aliyeurithi ufalme? Jibu hutegemea nakala waliyonayo.