Makala moja ya mkemia iliyopandisha hadhi ya jarida zima

MWANASAYANSI anapochapisha utafiti, wenzake huupima uzito wake kwa kuhesabu ni mara ngapi umerejelewa katika tafiti zilizofuata. Hesabu hiyo huchangia kuamua nani atapandishwa cheo, nani atapewa fedha za utafiti na ni jarida lipi litakalokimbiliwa na waandishi.

Hata hivyo, kisa cha mkemia George Sheldrick chadhihirisha kwamba takwimu hizo zaweza kumpotosha asiyejua zilikotoka.

Sheldrick, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1942 na kusomea Chuo Kikuu cha Cambridge, alihamia Ujerumani mnamo 1978 na kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Aliaga dunia mwaka wa 2025.

Kazi iliyompa sifa ni programu za kompyuta zijulikanazo kama SHELX. Mkemia anapounda dutu mpya, huikuza iwe fuwele na kuimulika kwa eksirei. Miale hiyo hutawanyika kwa mpangilio maalumu, na kutokana na mpangilio huo programu hizo husaidia kukokotoa mahali ilipo kila atomu ndani ya molekuli.

Toleo la kwanza kusambazwa kwa wengi lilitolewa 1976. Kwa kuwa watafiti wa vyuo walilipata bila malipo, lilienea katika maabara za mabara yote. Kizuri, wasemavyo wahenga, chajiuza.

Mnamo Januari 2008, Sheldrick alichapisha makala ya kurasa 11 kuhusu historia ya programu hizo katika jarida la Acta Crystallographica Section A. Ndani yake alipendekeza kwamba makala hiyo irejelewe na yeyote atakayetumia SHELX. Watafiti waliitikia kwa maelfu.

Kupanda na kushuka

Ili kuelewa yaliyofuata, yafaa kujua jinsi majarida yanavyopimwa. Huhesabiwa ni mara ngapi, katika mwaka mmoja, makala zilizotolewa na jarida katika miaka miwili iliyotangulia zimerejelewa. Jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya makala hizo.

Kwa mwaka wa 2008, jarida hilo lilikuwa na kipimo cha 2.051. Mwaka uliofuata kiliruka hadi 49.926, likayapita majarida mashuhuri ya Nature na Science. Mnamo 2010 kilifika 54.333.

Kisha mwaka wa 2011, makala ya Sheldrick ilipokuwa imetoka nje ya kipindi cha miaka miwili, kipimo kilianguka hadi 2.076.

Makala za waandishi wengine katika jarida hilo hazikuwa zimeboreka ghafla, wala hazikuharibika baadaye. Ni wastani tu uliokuwa umebebwa na makala moja.

Zana hushinda uvumbuzi

Nature lilipoorodhesha makala 100 zilizorejelewa zaidi katika historia, mwaka wa 2014, ile ya Sheldrick ilishika nafasi ya 13 ikiwa imerejelewa zaidi ya mara 37,000. Iliyoongoza ni ya Mmarekani Oliver Lowry na wenzake ya 1951, kuhusu njia ya kupima kiasi cha protini katika mchanganyiko. Hiyo ilikuwa imepita mara 305,000.

Makala ya James Watson na Francis Crick ya 1953, iliyofichua umbo la DNA, haikuwamo katika orodha hiyo. Uvumbuzi mkubwa huingia vitabuni upesi na kuwa maarifa ya kila mtu, hivyo wachache huona haja ya kutaja chanzo chake. Zana nayo hutajwa kila inapotumika.

Mnamo 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa Marekani alipendekeza kipimo kingine, fahirisi ya h. Mtafiti mwenye fahirisi ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Kipimo hicho nacho kina kasoro: aliyeandika makala moja tu hupata 1, hata kama imerejelewa mara 300,000.

Azimio la San Francisco, lililotokana na mkutano wa 2012, linazihimiza taasisi zisitumie kipimo cha jarida kuamua ubora wa mtafiti binafsi, bali zisome kazi yenyewe.

Suala hilo linagusa pia vyuo vikuu vya Kenya, ambako machapisho huzingatiwa mhadhiri anapotaka kupandishwa cheo. Mhadhiri aliyechapisha katika jarida la Sheldrick mwaka wa 2008 angeonekana shujaa mnamo 2010 na mtu wa kawaida 2011, ilhali makala yake haikubadilika hata neno moja.