Riwaya ya Pepo za Tyree na Mwandishi Aliyejisitiri

Mwaka 1978 ilichapwa nchini Marekani riwaya iitwayo Up the Walls of the World, na jina lililopigwa chapa jaladani lilikuwa la James Tiptree Jr., mtu ambaye kwa takriban miaka tisa wasomaji wa hadithi za kisayansi walikuwa wamemsoma, wamemtunuku na kuandikiana naye barua kwa mapenzi makubwa pasipo kumtia machoni. Anwani yake ilikuwa sanduku la posta huko McLean, Virginia, na kwa jinsi alivyozijua habari za jeshi na ujasusi, wengi walidhani kuwa ni bwana fulani mwenye kazi ya siri serikalini.

Dhana hiyo ilikaribia ukweli, ila huyo hakuwa bwana. Alikuwa Alice Sheldon, aliyezaliwa Chicago mwaka 1915, binti wa mwandishi Mary Hastings Bradley. Alipokuwa na umri wa miaka sita wazazi wake walimchukua katika safari ya Carl Akeley, aliyekuwa akiwatafuta masokwe wa milima ya Kivu kwa ajili ya makumbusho ya New York, na baadaye mama yake akatunga vitabu ambavyo mhusika wake ni huyo huyo Alice katika misitu ya Afrika. Yafaa tutue kidogo hapa, kwani habari za safari za namna hiyo aghalabu zimesimuliwa kana kwamba wa ajabu ni wenyeji, ilhali katika Kongo ya mwaka 1921 wa ajabu walikuwa wao waliokuja. Nami naamini kwamba mtoto aliyepata kutazamwa na halaiki ya watu kama kiumbe asiyejulikana alikotoka hakuhitaji kufunzwa ukubwani namna ya kuwawaza wageni wa sayari nyingine.

Alipokuwa mtu mzima alilitumikia jeshi, akichunguza picha zilizopigwa na ndege za vita. Akafuga kuku pamoja na mumewe. Akafanya kazi katika shirika la ujasusi la CIA. Na mwaka 1967 akapata shahada ya udaktari katika saikolojia. Mwaka huo huo, alipotaka kupeleka hadithi zake magazetini bila ya kuchanganya mambo hayo na heshima ya elimu yake, aliazima jina la Tiptree kutoka kwenye chupa ya jemu ya machungwa, na mumewe akaliongezea hilo Jr.

Mwaka 1975 Robert Silverberg, mwandishi mashuhuri, aliandika dibaji ya mkusanyo wa hadithi za Tiptree, akazikataa tetesi za kwamba huenda mtunzi ni mwanamke, kwa kuwa aliona katika maandishi yale uanaume usiokanika, hata akamlinganisha na Hemingway. Alisema hayo kwa nia njema kabisa; lakini ndani ya kitabu kile kile mlikuwa na kisa cha mama na bintiye wanaochagua kuondoka na viumbe wa anga kuliko kubaki katika dunia inayotawaliwa na wanaume, kisa kinachosimuliwa na mwanamume aliyekaa nao siku kadha wa kadha asiwatambue.

Siri ilifichuka kwa msiba. Mary Bradley alifariki mwaka 1976, na Tiptree, ambaye alikwisha kuwaeleza rafiki zake kuwa mama yake ni msafiri wa Afrika, akawaandikia kwamba mzee huyo ameaga dunia huko Chicago. Rafiki yake wa barua, Jeffrey Smith, akaitafuta tanzia magazetini, na humo akalikuta jina la binti, Alice Sheldon. Mwandishi Ursula K. Le Guin alimpokea kwa furaha, na Silverberg akakiri hadharani kwamba alikosea. Alice mwenyewe alihuzunika, kwani tangu hapo kuandika kulimwia kuzito.

Riwaya ilitoka baada ya hayo, na mimi naiona kuwa ni kazi yenye kustahili kusomwa zaidi ya inavyosomwa. Tyree ni ulimwengu wa pepo tupu, na wakaaji wake, wenye maumbile mithili ya samaki taa, huelea juu ya tufani na kusemezana kwa rangi zinazowaka miilini mwao. Kulea watoto ni hadhi ya akina baba, nao wanawake huwinda na kuvumbua. Jitu la angani liteketezalo majua linapowakaribia, baadhi yao wanathubutu kutenda lile ambalo sheria yao inalihesabu kuwa jinai isiyo na mfano, yaani kumnyang'anya kiumbe mwingine mwili wake. Wakazituma nafsi zao duniani, na kundi la watu wanaojaribiwa na jeshi la majini la Marekani, kwa uwezo wao wa kusoma fikira, wakajikuta wamo katika miili irukayo. Daktari wao, Dann, anayeficha majonzi yake kwa dawa za kulevya, anampenda Margaret Omali, mtaalamu wa kompyuta ambaye amejitenga na watu wote kwa sababu ya jeraha alilotiwa mwilini utotoni. Na siku mkono wa Dann unapomgusa Margaret kwa bahati mbaya, maumivu yale ya miaka mingi yanamwingia Dann kama yake mwenyewe. Baadaye Margaret anaingia ndani ya lile jitu na kulielekeza, na humo waliosalimika wa sayari zote mbili wanaishi pasipo miili.

Jaladani lilibaki jina lile lile la Tiptree.