Matandazo ya Viota vya Kuku: Mwongozo kwa Wafugaji wa Mbeya na Iringa

Wafugaji wa kuku wa mayai katika mikoa ya Mbeya na Iringa wanaweza kupunguza idadi ya mayai yanayopasuka, kuchafuka na kuharibika kwa kuchagua vyema matandazo ya viota. Malighafi nyingi zinazofaa hupatikana katika mikoa hiyo kwa gharama ndogo. Sifa ya kwanza ya kuzingatia ni ukavu.

Kwa nini ukavu?

Yai linapotagwa huwa na joto la mwili wa kuku, takriban nyuzi joto 41. Linapopoa, hewa ya nje hufyonzwa kupitia maelfu ya vitundu vidogo vya ganda. Yai likiwa limelala juu ya kinyesi au majani mabichi, vimelea huweza kuingia pamoja na hewa hiyo. Kuliosha baadaye huondoa utando wa asili unaolilinda. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mayai ya kuanguliwa, ambayo hukaa siku 21 katika joto linalowafaa vimelea vilevile.

Miji ya Mbeya na Iringa iko katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baridi, ukungu na mvua za masika huchelewesha kukauka kwa majani, hususan Rungwe na Mufindi.

Aina za matandazo

Maranda ya mbao: Hupatikana kwa wingi Mufindi, penye Shamba la Miti Sao Hill na viwanda vingi vya kupasua mbao. Maranda ya msindano yaliyokaushwa hufyonza unyevu vizuri na hulilinda yai lisigonge ubao wa kiota. Unga wa mbao haufai, kwani vumbi lake huingia katika njia ya hewa ya kuku.

Maganda ya mpunga: Hupatikana katika mashine za kukoboa za Mbarali na Kyela. Hukauka haraka na hayaoti ukungu kwa urahisi, lakini ni mepesi na kuku huyachakura hadi nje. Kiota kiwe na kizingiti cha sentimita 10 hadi 15 mbele. Pumba laini isitumike. Kuku huila, nayo huota ukungu upesi.

Nyasi kavu na majani ya mahindi: Hupatikana karibu kila kijiji. Zikatwe vipande vifupi, kwa kuwa nyasi ndefu zikimezwa huweza kuziba kifuko cha chakula cha kuku. Zilizoota ukungu zisitumike, hata zikianikwa tena, kwani vimelea vya ukungu hushambulia mapafu ya kuku.

Tahadhari kuhusu mbao zenye dawa

Nguzo za umeme na baadhi ya mbao za kuezekea huhifadhiwa kwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Maranda yake yanaweza kumdhuru kuku na kuacha mabaki ya sumu katika mayai yanayoliwa na familia. Mbao hizo mara nyingi huwa na rangi ya kijani, ingawa rangi hiyo hufifia. Kabla ya kuchukua maranda, mfugaji amuulize fundi kama mbao zilitiwa dawa. Asipopata jibu la uhakika, ayaache.

Matumizi na utunzaji

Kiota kimoja hutosha kuku 4 hadi 5, na matandazo yawe na kina cha sentimita 8 hadi 10. Ili kupima ukavu, mfugaji afumbate konzi moja ya matandazo kisha aachie: yakibaki yameshikamana, bado yana unyevu.

Mayai yaokotwe angalau mara 2 kwa siku, na kinyesi kiondolewe kila siku. Matandazo yaliyolowa au kupasukiwa yai yabadilishwe mara moja. Kila yanapobadilishwa yote, kiota kisafishwe, kikaushwe na nyufa zikaguliwe, kwa kuwa utitiri hujificha humo mchana na kunyonya damu usiku. Kiota cha kuku anayeatamia kiandaliwe kabla hajaanza, ili asisumbuliwe.

Mfugaji anayeona utitiri mwingi, kuku wanaokoroma au mayai yasiyoanguliwa kwa wingi awasiliane na Afisa Ugani wa Mifugo wa kata yake. Uchunguzi wa kimaabara hufanywa pia na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), yenye kituo mkoani Iringa.