Kahawa ya Kiarabu: Kutoka Zawiya za Yemen hadi Mabaraza ya Ghuba

Ingawa asili ya mbuni ni misitu ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia, kinywaji cha kahawa kilianza kushamiri nchini Yemen katika karne ya 15, pale wafuasi wa tarika, yaani njia za Kisufi, walipokitumia ili wakeshe katika dhikri bila kuzidiwa na usingizi. Abd al-Qadir al-Jaziri, aliyeandika risala mashuhuri juu ya kahawa mnamo mwaka 1558, anaeleza kuwa Masufi wa Kiyemeni waliokuwa Kairo walikutana usiku wa kuamkia Jumatatu na Ijumaa, na kiongozi wao akawachotea kahawa kutoka katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, akiipitisha upande wa kulia huku nyiradi zikisomwa.

Mikusanyiko ya namna hiyo iliwatia wasiwasi baadhi ya watawala. Mwaka 1511, Kha'ir Beg, aliyekuwa msimamizi wa masoko na maadili mjini Makka, aliwaita wanazuoni na matabibu, kisha akaipiga kahawa marufuku. Lakini amri iliyotoka kwa sultani wa Kairo ilikemea mikusanyiko tu, wala haikuharamisha kinywaji chenyewe. Tangu hapo biashara ya buni ikazidi kupanuka, hasa kupitia bandari ya Mokha, na kahawa ikatoka zawiyani, yaani katika makao ya ibada ya Masufi, ikaingia majumbani na katika mahema ya Mabedui, ambako ilifanywa kuwa haki ya mgeni.

Upishi wenyewe ulichukua sura tofauti kulingana na mahali. Nchini Yemen kwenyewe watu wengi walipenda kishri, kinywaji kinachopikwa kwa maganda makavu ya buni pamoja na tangawizi, ilhali katika Najd na Ghuba zilitumika punje zenyewe. Punje hizo hukaangwa kidogo tu hadi zigeuke rangi ya dhahabu au kahawia hafifu, zikatwangwa katika kinu, zikachemshwa kwa maji bila sukari, kisha kahawa ikaachwa ituame kabla ya kumiminwa katika dele, birika lenye mdomo uliochongoka, ambamo hutiwa iliki na, kwa wenye uwezo, zafarani. Katika mdomo wa dele husokomezwa nyuzi za mtende ili zichuje masimbi. Mwandazi hushika dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa mkono wa kulia, akatia kahawa kiasi cha robo ya finjani, na huendelea kuongeza mpaka mgeni aitikise finjani yake kuashiria kuwa ametosheka.

Waomani waliohamia Zanzibar, hasa baada ya Sayyid Said, mtawala wa Oman, kulifanya jiji hilo makao yake katika karne ya 19, waliendeleza desturi hii katika pwani ya Waswahili, ambako kahawa chungu hunywewa hadi leo kwa vikombe vidogo pamoja na halua, tende au kashata. Mwaka 2015 UNESCO iliiorodhesha kahawa ya Kiarabu kuwa urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya pamoja ya Saudi Arabia, Oman, Qatar na Falme za Kiarabu. Kwa hiyo, kinywaji kilichowahi kushtakiwa Makka kwa sababu ya kuwakusanya watu sasa kinaenziwa kwa sababu hiyohiyo.